Sauti inakwaruza nikifungua plagini: ninunue kadi kubwa ya grafiki?

SWALI: Natengeneza biti kwa FL Studio. Kompyuta ina prosesa ya viini 6, RAM GB 16, kadi ya grafiki ya GeForce na intafesi ya sauti ya USB. Kila nikifungua dirisha la plagini (ala au efekti ndani ya FL Studio), sauti inakwaruza na kukatika, ilhali prosesa haifiki hata asilimia 30. Fundi anasema ninunue kadi kubwa zaidi.

JIBU: Usinunue. Sauti yako inatoka kwa USB, haipiti kwenye kadi ya grafiki kabisa. Kinachokukwaza, kwa dalili hizi, ni draiva ya kadi hiyo (programu inayoiendesha), na GeForce kubwa zaidi itakuja na draiva ya familia ileile.

Bafa (akiba ndogo ya sauti inayosubiri kuchezwa) ya sampuli 128 kwa kHz 48 inaipa kompyuta milisekunde 2.67 kuandaa kila kipande cha sauti. Draiva ya Windows inaweza kukamata kiini cha prosesa na kukikalia mpaka imalize kazi yake. Ya grafiki ikikikalia milisekunde 2 wakati dirisha jipya linachorwa, ya sauti inabaki foleni, bafa inakauka, unasikia kwaruzo. Ile asilimia 30 ni wastani wa muda mrefu zaidi, na ndiyo inayowapoteza wengi: milisekunde 2 hazionekani humo. RAM nayo haihusiki.

Pima kwanza. Endesha LatencyMon, programu inayoonyesha draiva ipi inachelewesha sauti, kwa dakika 10 huku mradi ukicheza, ukifungua na kufunga plagini zilezile zinazosumbua. Nenda "Drivers", panga kwa muda mrefu zaidi wa utekelezaji. Ukiona nvlddmkm.sys (draiva ya NVIDIA) au dxgkrnl.sys (grafiki ya Windows) juu, imevuka maikrosekunde 1000, umempata mhusika. Ikiwa ndis.sys, ya mtandao, zima Wi-Fi upime tena. ACPI.sys inakupeleka kwenye mipangilio ya umeme na BIOS (programu ya msingi ya ubao mama), na hapo grafiki iache.

Mhusika akiwa grafiki, pakua draiva ya Studio kutoka tovuti ya NVIDIA yenyewe, kisha kata intaneti ili Windows isikuwekee yake katikati ya kazi. Ingia Safe Mode (Windows ikiwa na draiva za msingi tu), ondoa ya zamani kwa DDU, programu ya kufuta draiva za grafiki, washa upya. Wakati wa kusakinisha chagua "Custom", weka alama kwenye "clean installation", ubakize draiva ya grafiki peke yake. Ile ya sauti ya HDMI usiisakinishe kama husikilizi kupitia skrini. Halafu kwenye NVIDIA Control Panel, weka "Prefer maximum performance" kwa FL Studio, maana kadi inayopanda na kushuka mwendo kila mara ni chanzo kikubwa cha kukwama huku. Pima tena. Bado? Zima "Hardware-accelerated GPU scheduling" kwenye mipangilio ya grafiki ya Windows, kisha jaribu toleo la draiva la nyuma. Badilisha kimoja, pima, ndipo uende kingine.

(Kama unachosikia ni mngurumo unaobadilika ukisogeza mausi, huo ni umeme unaovuja kwenye nyaya. Tumia nyaya za TRS, zinazopunguza kelele, kwenda kwenye spika. Draiva haina kosa.)

Sasa hizi njia za mkato, ambazo zinaharibu kompyuta nyingi za studio. Programu za "kusasisha draiva zote kwa bonyezo moja" hukuwekea draiva usiyojua imetoka wapi, kisha hubaki zikichunguza vifaa chinichini, na uchunguzi huo wenyewe unaweza kuleta mikwaruzo. Kuhariri rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows) ili kulazimisha hali ya MSI, namna kifaa kinavyoiita prosesa, kwenye kifaa kisichoikubali kunaweza kuizuia Windows isiwake. Kuweka ASIO4ALL badala ya draiva ya ASIO (ya sauti isiyochelewa) ya mtengenezaji wa intafesi yako ni kurudi nyuma, kwa kuwa inapita juu ya draiva ya kawaida ya Windows. Na bafa ya sampuli 2048 inafaa kwenye miksi tu: ni takriban milisekunde 43, na mwimbaji anayejisikia kupitia kompyuta atajisikia amechelewa.

Fundi akikutaka ubadilishe kifaa chochote kwa ajili ya mikwaruzo, mwambie akuonyeshe kwanza jina la draiva kwenye kipimo, na muda wake kwa maikrosekunde. Akishindwa, pesa ibaki mfukoni.