Msamaha wa kodi haujafuta haki ya chama cha wafanyakazi, naongea nilichopitia kiwandani EPZ

Dada umeuliza kama ni kweli kiwanda kikiwa EPZ (eneo maalumu la viwanda vya kuuza nje) wafanyakazi hamruhusiwi kuwa na chama kwa sababu "mwekezaji ana makubaliano na serikali", kama alivyowaambia HR wenu. Si kweli kabisa. Mimi nimekaa kwenye cheremani miaka sita kiwanda cha nguo cha aina hiyo hiyo hapa Dar (sikitaji), na maneno hayo hayo tuliambiwa mwaka wa kwanza tu, tukayaamini karibu miaka mitatu, na hiyo miaka mitatu inaniuma mpaka leo.

Alichopewa mwekezaji ni unafuu wa kodi, basi. Kwa sheria ya EPZ iliyokuwepo mpaka 2025, kodi ya mapato ya kampuni ambayo wengine wanalipa 30% yeye alikuwa hailipi miaka 10 ya mwanzo, tozo za halmashauri hivyo hivyo miaka 10, ushuru wa mashine na malighafi alisamehewa, na yeye sharti lake lilikuwa auze nje angalau 80% ya anachozalisha. Sasa chukua Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 uangalie pale mwanzoni kabisa, waliotolewa kwenye hiyo sheria wametajwa mmoja mmoja: Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza, JKT. Kiwanda cha suruali hakimo. Kifungu cha 9 kinasema kila mfanyakazi ana haki ya kuanzisha na kujiunga na chama, na nchi yetu imeridhia mikataba ya ILO (Shirika la Kazi Duniani) yote miwili ya mambo haya, namba 98 mwaka 1962 na namba 87 mwaka 2000.

Meneja wetu wa uzalishaji alikuwa amefanya kazi Bangladesh, na kule maeneo kama haya yana sheria yake, wafanyakazi wanakuwa na jumuiya za ustawi badala ya vyama, kwaiyo nadhani yeye aliamini kweli anachosema. Ila HR ni Mtanzania, sheria aliijua.

Jaribio letu la kwanza lilikufa vibaya na naomba ulisome vizuri hili. Tulipata fomu za TUF 6, ile unayojaza kuruhusu mwajiri akukate ada ya chama, tukazijaza watu kumi na moja, af kila mtu akapeleka yake mwenyewe ofisini kwa HR. Hatukuachiwa hata nakala. Tulikuwa na mikataba ya mwaka mmoja mmoja, ilipofika mwisho wale kumi waliopeleka wakaambiwa "mkataba umeisha, asanteni". Mimi nilinusurika kwa vile siku ile nilikuwa naumwa, fomu yangu ikabaki kwenye pochi. Wenzangu wakarudi nyumbani wakidhani hawana pa kwenda maana hawajafukuzwa, mkataba umeisha wenyewe. Kumbe kifungu cha 36 kinasema kama ulikuwa na matarajio ya haki kwamba utaongezewa mkataba, na mwajiri akakataa, hiyo inahesabika ni kuachishwa kazi, na kumuachisha mtu kwa sababu ya chama si halali. Ila unatakiwa ufike Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30. Sisi tulikuja kujua baada ya miezi mitano. Dada mmoja kati yao alikuwa ameshaongezewa mkataba mara nne, nne! angeshinda yule.

Mara ya pili tulijifunza. Hakuna aliyetaja chama ndani ya geti, fomu zilijaziwa kwa mama ntilie mchana na nyumbani kwa watu jumapili, mstari mmoja wa cheremani mtu mmoja anayeaminika, na hatukupeleka hata moja mpaka tulipovuka nusu ya wafanyakazi wote. Nusu ni muhimu sana kwa sababu chama chenye wengi ndicho chenye haki ya kutambuliwa kama wakala pekee wa majadiliano. Halafu hatukupeleka sisi, alipeleka afisa wa chama kwa barua na kitabu cha dispachi, ikasainiwa na kugongwa muhuri siku hiyo hiyo. Kuanzia hapo mwajiri alitakiwa aanze kukata ada. Hazikukatwa, chama kikaenda CMA, na kule tuliwasikia wakirudia ile ile kwamba serikali imewaahidi hawatasumbuliwa. Msuluhishi akawaomba waonyeshe hiyo karatasi. Hawakuwa nayo.

Kwenye mkataba wa hali bora (makubaliano ya chama na mwajiri) tulioupata baadae, cha kwanza tulichodai haikuwa hata mshahara, ilikuwa kadi ya choo. Mstari wa watu arobaini kadi mbili, huna kadi huendi, wajawazito wanabana. Ikafutwa. Pili usafiri wa wanaotoka ovataimu saa nne usiku. Mshahara ukaja wa tatu, maana kima cha chini cha viwandani kilikuwa 150,000 kuanzia Januari 2023 (kabla ya hapo 115,000 tangu 2013, miaka karibu kumi!) na kiwanda kilikuwa kinalipa hicho hicho hata kwa mtu wa mwaka wa sita.

Na hili la kodi ndo linanipandisha hasira. Kuna mwezi nilifanya ovataimu nyingi nikafika 320,000, ikatoka NSSF 32,000, na kwenye 288,000 iliyobaki nikakatwa PAYE (kodi ya mshahara) 1,440. Sikatai kulipa, kodi ni yangu kulipa. Ila nilikaa na ile salari slipu nikawaza, mimi mshona mifuko ya suruali nalipa kodi ya mapato na kiwanda kizima hakilipi, sabuni ninayofulia ina VAT 18%, barabara ya kupitisha makontena yao inajengwa na hela hizo. Kwaiyo ule msamaha ni mchango wetu sisi. Sipingi mwekezaji kusaidiwa, kazi ile imenisomeshea wadogo zangu wawili, lakini anayesaidiwa na hela ya umma ndo angetakiwa awe wa kwanza kufuata sheria za umma, na leseni yake iandikwe hivyo wazi.

Watawatisha kuwa ataondoka. Waambieni kwa heshima kwamba hata sheria ya AGOA ya 2000 ya Marekani, iliyofungulia nguo zetu soko bila ushuru, imetaja haki ya wafanyakazi kujiunga pamoja katika vigezo vya nchi kufaidika, na wanunuzi wakubwa wakaguzi wao wanauliza swali hilo hilo. Kwetu siku ya ukaguzi kadi za choo zilikuwa zinafichwa.

Kwaiyo dada anza na TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, wengi wa viwandani wapo huko, nenda ofisini kwao mwenyewe, usipige simu ukiwa kiwandani. Na kama kuna wenzako mikataba yao inaisha mwezi huu, waambie leo leo wapige picha mikataba yote ya nyuma na salari slipu waziweke kwa mtu wa nje, maana kwetu wale wenzetu walizuiwa getini asubuhi na kabati zao zilikuwa zimeshafunguliwa.