Damu ikiganda ovyo, fuata kipimo, usifuate unavyojisikia

Mguu wangu ulivimba na kuwa wa moto, na ultrasaundi ikaonyesha bonge la damu kwenye mshipa wa ndani. Sikuwa nimeumia wala kufanyiwa upasuaji. Jibu lilikuja baadaye: sindromu ya antifosfolipidi, ugonjwa ambao daktari Graham Hughes wa London aliueleza mwaka 1983. Kinga ya mwili hutengeneza kingamwili zinazoifanya damu igande pasipo jeraha. Bonge laweza kwenda mapafuni, au kwenye ubongo likaleta kiharusi kwa mtu ambaye bado kijana. Kwa wanawake wengine dalili ya kwanza ni mimba kuharibika tena na tena.

Vipimo vya kingamwili hizo ni vitatu, na kikitoka chanya hurudiwa baada ya wiki 12 au zaidi, kwa kuwa hata maambukizi ya kawaida huweza kuzipandisha kwa muda. Kusubiri kunatesa. Hata hivyo rudi, na usiache dawa ya bonge eti kwa sababu uvimbe umeisha.

Wengi wetu tuliowahi kupata bonge tunameza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na kwa bonge la mguuni INR, yaani kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, hulengwa kati ya 2 na 3. Ikishuka chini ya hapo husikii chochote. Ikipanda, huenda usijue mpaka fizi zitoe damu. Ndiyo maana siku ya kupima siipangii jambo jingine. Mboga za majani usiziache. Kula kiasi kilekile kila wiki, ili vitamini K iliyomo, inayosaidia damu kuganda, isiyumbishe dozi. Ukiandikiwa antibiotiki, au ukitaka kutumia dawa ya mitishamba, uliza kwanza.

Ukishauriwa kuhamia vidonge vipya visivyohitaji INR, uliza pia. Utafiti wa rivaroksabani, mojawapo ya dawa hizo mpya, uliochapishwa 2018 ulisitishwa mapema: wagonjwa wenye vipimo vyote vitatu chanya walipata mabonge mengi kuliko wenzao wa warfarini.

Dada unayetaka mtoto, muone daktari kabla ya kushika mimba, maana warfarini huweza kumdhuru mtoto tumboni. Sindano za heparini, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, pamoja na aspirini ya dozi ndogo zimewafikisha wengi salama hadi kujifungua. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni viepuke.

Pumzi ikikata ghafla, kifua kikibana au uso ukipinda upande mmoja, nenda hospitali saa hiyohiyo, na useme mapema una ugonjwa gani na unatumia dawa ipi.