Mke wa askari na kazi za serikali ya Marekani

SWALI: Assalaam alaykum, Mhariri. Binti yangu, aliyekuwa akisomesha skuli ya msingi hapa Wete, ameolewa na askari wa Jeshi la Wanamaji la Marekani na sasa wanaishi Norfolk, Virginia. Watu wananambia kwamba serikali ya huko huwapa kazi wake wa askari bila ya kushindana na mtu. Ni kweli?
Bi M., Wete, Pemba

JIBU: Wa alaykum salaam, Bi M. Waliokwambia hawakukosea, ila wameishia njiani. Amri ya rais namba 13473 ya mwaka 2008 inaziruhusu taasisi za serikali kuu kumwajiri mke au mume wa askari aliyemo kazini bila ya kumpitisha katika ushindani wa waombaji wote, na mjane wa askari aliyefariki akiwa kazini naye huingia humo maadamu hajaolewa tena. Lakini kuruhusiwa si kulazimishwa: taasisi inaweza kumwacha, na sifa za kazi lazima awe nazo. Wizara ya Ulinzi ina upendeleo wake mwengine, uliotokana na sheria ya mwaka 1985, kwa wanaohama kuwafuata waume au wake zao vituoni.

Kwa binti yako, hata hivyo, kizingiti cha kwanza ni uraia, jambo ambalo wasimulizi wa mitaani hulisahau. Nafasi nyingi za serikali kuu hupewa raia wa Marekani tu, na kibali cha ukaazi wa kudumu hakitoshi. Aliyeolewa na raia kwa kawaida huweza kuomba uraia baada ya miaka 3 ya ukaazi huo akiwa anaishi na mumewe. Mume akipelekwa kituo cha nje ya nchi, muda huo huweza kusamehewa. Naye ajue kwamba sheria ya Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo uamuzi huo aupime pamoja na mumewe kabla ya kujaza fomu yoyote.

Kampuni binafsi kwa kawaida hazina sharti hilo la uraia. Tangu mwaka 2011 Wizara ya Ulinzi ina mpango wa ushirikiano na waajiri walioahidi kuwaajiri wenza wa askari, na kwa maoni yangu aanzie huko.

Siku ya kuomba kazi ya serikali ataulizwa hati ya ndoa na karatasi ya jeshi inayothibitisha kwamba mumewe yumo kazini. Ikiwa hati hiyo ilibaki kwako Wete, mpelekee sasa, nayo ifasiriwe kwa Kiingereza na mfasiri athibitishe tafsiri yake kwa maandishi, kwani Uhamiaji wa huko hawaipokei bila ya hivyo.