Ukihamia Arusha, tafuta jumuiya kabla hujazoea parokia

Nilipohamia Arusha kutoka Kibosho, nilikuja na barua ya utambulisho ya parokia ya nyumbani. Nikaitia kwenye begi pamoja na vyeti, ikakaa humo mwaka na nusu. Si kwamba nilikuwa sisali. Kila Dominika nilikuwa misa ya kwanza, benchi lilelile, natoa sadaka, narudi zangu Sombetini kufua. Kule Kibosho, ukikosa misa mara mbili mtu atapita nyumbani kuuliza. Huku mjini kanisa linajaa, linamwagika, linajaa tena, na uliyepeana naye amani humjui hata jina.

Siku nilipokwenda kumwandikisha mwanangu ubatizo, katekista aliniuliza, "Mama, jumuiya gani?" Nikamtajia parokia. "Parokia naijua, mama. Jumuiya?" Fomu ilitaka saini ya mwenyekiti wa jumuiya, kile kikundi cha Wakatoliki majirani wanaosali pamoja majumbani, na mwenyekiti huyo sikumjua. Nilitoka pale nimekasirika.

Leo namwelewa. Paroko hawezi kumjua kila mtu kwenye mji kama huu. Ndiyo maana maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa uzito jumuiya ndogo ndogo mwaka 1976: Kanisa lianzie kwenye nyumba chache zinazofahamiana.

Jumamosi iliyofuata siku ile ya fomu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikaenda kwenye jumuiya ya mtaani kwetu. Ilikuwa kwa mama mmoja muuza ndizi. Viti havikutosha, wengine tukakalia ndoo zilizopinduliwa. Tukasali rozari, tukasoma Injili ya Dominika inayokuja, kila mwenye neno akasema. Kisha katibu akafungua daftari, akaita majina. Akafika kwa baba mmoja, kimya. "Mgongo umembana tangu Jumatano," akasema jirani yake. Palepale wakapangwa wawili wa kwenda kumwona na mmoja wa kumpelekea maji. Jina langu liliandikwa la mwisho, chini kabisa ya ukurasa.

Mama yangu alipofariki, sijamaliza hata kuwapigia ndugu simu, wanajumuiya walikuwa wameshaingia uani na mkaa, sufuria na mchele. Siku ya mazishi walipanda Coaster hadi kihambani, kwenye shamba la ukoo, wakaimba mpaka udongo wa mwisho.

Kwa hiyo wewe unayehamia, iwe Arusha au Moshi mjini, peleka barua yako wiki ya kwanza. Jumuiya inafuata unapoishi, si kanisa unalolipenda kwa kwaya yake. Muulize katekista baada ya misa, au mwenye nyumba wako.

Najua kinachowakimbiza wengi: michango. Kweli ipo mingi, na ziko jumuiya ambazo daftari la michango linafunguliwa kabla ya Injili. Hilo ni kosa na nimelisema kwenye kikao. Lakini usikae nyumbani kwa sababu huna hela. Mwone mweka hazina pembeni, mwambie mwezi huu sina, kisha ingia ukae na wenzako. Mimi nimefanya hivyo miezi minne mfululizo, na jina langu halikukatwa.

Na ukihama, hata kama ni kutoka Sombetini kwenda Moshono tu, waage wenzako. Omba barua, na safari hii usiiache kwenye begi.