Cherehani ya zamani ikiwa nzito, toa mafuta makuukuu kwanza

Cherehani ya chuma ya zamani, iwe ya mkono au ya miguu, ikikaa miaka bila kushonewa huwa nzito, na pengine gurudumu hukataa kabisa kuzunguka. Wengi husema imekufa. Mara nyingi haijavunjika kitu: mafuta yaliyotiwa zamani yamekauka yakawa gundi ya kahawia. Ukimwaga mafuta mapya juu ya gundi hiyo, italainika kwa muda tu kisha ikamate tena.

Kama ni ya umeme, chomoa waya kwanza. Toa sindano, uzi, bobini na kikopo chake. Fungua kibati kilicho chini ya sindano na kifuniko cha ubavuni, upande wa sindano. Tumia bisibisi inayojaa vizuri kwenye mfereji wa skrubu, maana skrubu hizi huharibika kichwa upesi na kupata nyingine ni kazi. Chini ya kibati utakuta vumbi la nyuzi limeshindiliwa kati ya meno yanayosukuma kitambaa. Likijaa, meno hayapandi vya kutosha, kitambaa hakisogei sawasawa na mishono hutoka mifupi. Likwangue kwa kijiti na brashi. Usilipulize, litaingia ndani zaidi.

Sasa tia tone la mafuta ya taa katika kila tundu la mafuta na kila kiungo, mbali na moto. Zungusha gurudumu taratibu kuelekea kwako, iache mashine usiku kucha, futa uchafu wa kahawia unaotoka, kisha rudia. Lisipokubali, usilazimishe, rudia tena kesho. Mafuta ya taa huosha tu, hayalindi chuma, kwa hiyo usishone kabla ya kuyafuta na kutia mafuta yenyewe.

Mafuta yenyewe ni yale mepesi, meupe, ya cherehani. Ya kupikia ndiyo yanayoganda kuwa gundi. Ya injini ni mazito mno. Dawa ya kupuliza ya kulegeza kutu hukauka mapema na kuacha chuma kikavu.

Tone moja kila mahali latosha. Anzia juu, kwenye matundu ya mkono wa mashine. Nenda ubavuni: nondo ya sindano, nondo ya mguu unaokandamiza kitambaa, na kile kidude kinachopanda na kushuka na uzi. Kisha laza mashine utazame tumboni, huku mkono mmoja ukizungusha gurudumu. Kila panaposuguana chuma na chuma panataka tone. Usisahau njia inamozungukia ndoano ya bobini. Singer 66 ina kipande cha sufu nyekundu hapo, nacho kinyweshe. Malizia kwa kushona kitambaa kibovu hadi kisichafuke tena.

Kuna mahali mafuta hayaruhusiwi: visahani vya kukazia uzi (uzi utateleza na mishono italegea), mkanda, na mpira wa kujazia bobini. Mota za zamani zenye vijibomba vya grisi, kama ya Singer 221, zinataka grisi laini ya mota. Mafuta mepesi yakitiwa humo huvuja hadi kwenye brashi za kaboni na nyaya.

Kama ulifungua pia kitasa cha katikati ya gurudumu, ukisharudisha vipande vyote, gurudumu likizunguka bila sindano kusogea hata ukikaza kitasa hicho, au sindano ikiendelea kusogea hata ukikilegeza, tazama washa (kipete bapa cha chuma) iliyo nyuma ya kitasa. Itoe, izungushe nusu mzunguko, uirudishe mahali pake.

Maua ya dhahabu yaliyo kwenye mwili wa mashine yafute kwa pamba yenye mafuta hayohayo ya cherehani. Spiriti huyeyusha vanishi ya shelaki, na maua huondoka nayo.

Ukishona kutwa, tia mafuta kila siku. Ukishona kidogokidogo, kila baada ya saa 8 hivi za kazi. Kwenye ya miguu, viungo vya kanyagio, fimbo na gurudumu kubwa navyo vina zamu yao. Mkanda wa ngozi ukilegea, ukate kidogo sana kila mara: ukikaza kupita kiasi, mashine itakuwa nzito upya na utadhani ni mafuta.