Amekata tamaa au amevunjika moyo?

SWALI: Kijana wangu hakufanya vizuri kidato cha nne. Siku mbili hakutaka kula wala kutoka nje, halafu akaja kuniuliza ada ya kurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nilimwandikia shangazi yake kwamba "mtoto amekata tamaa". Shangazi alipiga simu akilia, akasema neno hilo ni zito, ningesema "amevunjika moyo". Nimezoea kuyatumia yote mawili kwa maana moja. Je, yana tofauti? Na hili "kupoteza moyo" ninalolisikia siku hizi ni sahihi?

JIBU: Shangazi ana haki ya kulia. Tofauti ipo, na imekaa kwenye vitenzi vyenyewe.

Moyo huvunjika. Kitenzi hicho ni cha kutendeka: jambo limekupata, nguvu ya kuendelea imepungua, hukulitaka wala hukuliamua. Tamaa, kwa upande wake, hukatwa, na anayeikata ni mwenyewe. Linganisha na kukata shauri: hapo pia kuna mtu aliyefikia uamuzi. Aliyekata tamaa hatazamii tena kitu. Tamaa hapa si uroho, ni lile tarajio la kupata, kama tusemapo "bado nina tamaa ya kumwona". Ndiyo maana tafsiri ya Kurani ya Barwani, sura ya 39 aya ya 53, inakataza: "Msikate tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu." Waja wake hawaambiwi wasihuzunike, wanaambiwa wasiufunge mlango.

Kijana anayeuliza ada ya kurudia mtihani hajakata tamaa hata kidogo. Amevunjika moyo, na wa hivyo hutiwa moyo.

Nadhani mkanganyiko umeletwa na umbo la kusababisha. "Matokeo yamemkatisha tamaa" ni kauli nyepesi kuliko "amekata tamaa". Mashabiki hukatishwa tamaa na sare ya nyumbani, na wiki ijayo wako uwanjani tena. Kwa hiyo ungeandika "matokeo yamemkatisha tamaa", shangazi pengine asingeshtuka. Nzito kuliko zote ni kumkatia mtu tamaa. Mgonjwa anaweza kuwa kitandani anaomba uji huku ndugu ukumbini wameshamkatia tamaa, wanaulizana nani atakwenda kuwapokea wageni wa kijijini. Yeye hajakata chochote, waliokata ni wao. Mzazi na mwalimu walitumie neno hili kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu mtoto akilisikia linamkaa.

Kuna na mengine. Timu iliyofungwa bao la tatu kabla ya mapumziko hufa moyo: miguu inakimbia lakini nia haimo. Aliyekaripiwa mbele ya wenzake hunywea, unamwona kabisa akisinyaa. Kunyong'onyea ni kwa mwili, viungo vinalegea kwa huzuni, njaa au maradhi, na nahisi ndilo lililomfaa kijana wako siku zile mbili za kutokula. Kutamauka ni ndugu wa kukata tamaa, na waandishi wa Kenya hulitumia zaidi kuliko wa Tanzania. Wakristo wanalijua pia "kuzimia roho", kutoka Wagalatia 6:9.

Ama "kupoteza moyo", mimi silikubali. Moyo wa Kiswahili huvunjika, hufa, huzimia. Mtu hutiwa moyo, hupewa moyo, hujipa moyo, hupiga moyo konde. Kwa utajiri wote huo, sioni lililotusukuma kuazima msemo wa Kiingereza, "lose heart", na kuuvika maneno yetu. "Kupoteza matumaini" limeshazoeleka na halina ubaya, maana matumaini mtu huwa nayo na yanaweza kumpotea.

Mwandikie shangazi leo: "Matokeo yalimvunja moyo, lakini amepiga moyo konde, anajiandikisha kurudia." Na hiyo ada, mlipie mapema.