Projekti ya kiti cha chuma: anza na mbao chakavu

Wadogo zangu mnaosoma ufundi hapa Arusha mnaniuliza sana projekti ya fenicha mnaanzia wapi, na jibu langu ni lile lile, chuma kiache kwanza. Tafuta mbao chakavu za inchi mbili kwa mbili na misumari, gonga kiti chako kwa saizi yake kamili, sio kimodo cha kuweka mezani, halafu kalisha watu. Mchoro wa kwenye kompyuta ni mzuri lakini haukalii mtu.

Mimi nikiwa chuo nilikuwa nadizaini stuli ya mama lishe, nikapeleka ile ya mbao kwa mama mmoja soko la Kilombero. Vitabu vinasema kimo cha kiti ni sm 45, akakaa, akashika kisu na beseni la ndizi kama kawaida yake, akaniambia mwanangu hapa nainama mpaka mgongo unauma, beseni liko chini huko. Tukawa tunakata miguu kidogo kidogo huku yeye anamenya, tukafika sm 35 akasema hapo hapo. Ile ndo dizaini yenyewe jamani, na mbao haina hasara, chuma ukishakata umekata.

Ukishapata vipimo ndo uende mtaa wa Unga Limited kununua skwea paipu, yaani bomba la chuma la pembe nne. Inakuja mita 6, kwa hiyo piga hesabu ya vipande vyote kabla ya kutoka nyumbani, na kila mkato wa grinda unakula milimita kadhaa, ziweke kwenye hesabu. Kwa stuli, ya milimita 25 kwa 25 yenye unene wa milimita 1.5 inatosha kabisa, nyembamba zaidi ya hapo mwanafunzi anaitoboa na welding.

Kwenye kuchomelea usimalize kona moja ukahamia nyingine, maana weld ikipoa inasinyaa na inavuta chuma, fremu inapinda. Shika kwa nukta ndogo ndogo kona zote, pima kwa tepu kutoka kona moja mpaka kona ya mkabala wake, zote mbili, vipimo viwili vikilingana ndo ujaze, tena kwa kurukaruka upande huu na ule. Na kama bomba ni la mabati, yaani limepakwa zinki, saga ile zinki pale unapounga kwanza na ufanyie kazi nje, ule moshi mweupe unaleta homa kabisa, usiuzoee.

Rangi ni mwisho: gonga magamba yote ya weld, piga brashi ya waya, paka redoksaidi, ile rangi nyekundu ya kwanza ya kuzuia kutu, ikauke vizuri ndo rangi yenyewe.